Ufunguo wa Pili

Tarehe 2 Machi

Programu hii ya simu nimeiunda mimi, kwa mikono yangu miwili, na pasipo mimi isingewaka hata siku moja.

Haya, mstari wa kwanza tu na nimeshadanganya. Aliyeiunda ni mjukuu wangu wa kike, ambaye humu ndani namwita Injinia kwa kuwa jina lake halisi halimkasirishi. Kazi yangu mimi ni kubonyeza. Leo kanipa daftari hili, akaniambia, "Babu, ukibonyeza kitu kikaleta tatizo, andika. Tarehe juu, tatizo chini. Usiongeze maneno."

Nitaongeza.

Tarehe 3 Machi

Kwa faida ya atakayesoma bila kutujua. Mimi ni fundi wa vitasa na mchonga funguo, mstaafu. Shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha, hatujakubaliana hadi leo. Mke wangu alikuwa mwalimu, na Mwalimu ndivyo ninavyomwita. Barua yangu ya kwanza ya kumtongoza alinirudishia ikiwa imejaa wino mwekundu, na chini kaandika: Sita kwa kumi. Jitahidi. Nimejitahidi miaka arobaini na saba.

Mwalimu sasa anasahau. Alianza na miwani, akahamia kwenye majina, siku hizi anasahau watu wazima na nguo zao. Miaka miwili iliyopita, alipoona jambo lenyewe linakuja, hakulia. Alikaa kwenye meza ya jikoni siku tatu akajirekodi katika simu yake, kwa programu aliyotengenezewa na Injinia: picha moja, sauti moja. Picha ya jiko, sauti yake inaeleza namna ya kuzima gesi. Picha ya Injinia, sauti inasema huyu ni mtoto wa binti yako, ana adabu, ila hali chakula akiwa na kazi. Ziko arobaini na tatu.

Kila asubuhi akifungua macho akakuta mwanamume kitandani, hushtuka. Hushika simu, huutafuta uso wangu, hubonyeza. Na sauti yake mwenyewe humwambia:

"Huyu mzee aliyefunga vifungo vya shati kombo ni mume wako. Usimwogope. Anatania sana, usimjibu. Mpe upande wa dirishani."

Basi hunitazama, hukagua vifungo, husogea. Haamini daktari, haamini mwanawe, haamini Injinia. Anajiamini mwenyewe tu, kama walimu wote.

Tatizo la leo: hakuna.

Tarehe 5 Machi

Mvua ya kwanza. Mwalimu ameuliza mara nane ni nani anayepigiwa makofi huko nje. Mara ya nane nikainama kama mgeni rasmi. Akacheka.

Tarehe 9 Machi

Iandikwe kwamba wazo lilikuwa langu. Nilimwambia Injinia, "Sauti zote ziko ndani ya simu moja. Je, ikitumbukia kwenye ndoo?" Katika kazi yetu, mwenye ufunguo mmoja ni mtu aliyekwisha kufungiwa nje, hajajua tu. Ndiyo maana kila kufuli niliyouza ilitoka na funguo mbili, na wa pili nilimwambia mteja ampe mtu asiyempenda sana, maana huyo hatautumia ovyo.

Injinia akaacha kubonyeza. "Ni kweli, Babu. Ilinipasa niwe nimefanya hivyo zamani. Nitaziweka kwenye wingu."

"Wingu hili linalotunyeshea?"

"Ni kompyuta tu, Babu. Iko kwenye jengo la watu, mbali. Simu ya Bibi itakuwa inapeleka kila kitu huko, na simu nyingine yoyote ya nyumbani inachukua kutoka huko."

"Kwa hiyo ni chumba cha mtu. Na mlango?"

"Kuna namba ya siri."

"Na kitasa nani kafunga?"

"Mimi."

"Basi nitakuja kukikagua," nikasema. Akacheka, akarudi kwenye mashine yake. Mjukuu huyu anaipenda mashine kuliko watu, hilo nalo liandikwe.

Tarehe 12 Machi

Mvua. Hakuna kitu.

Tarehe 14 Machi

Simu yangu na ya Mwalimu si za ukoo mmoja. Nilidhani Injinia ataandika programu mbili, kumbe ni moja inayoingia kote kote. Sisi mafundi ufunguo wa namna hiyo tunauita ufunguo malaya. Mwalimu alinikataza neno hilo mbele ya watoto, lakini Injinia ana miaka ishirini na tisa.

Tatizo: nimeingiza namba yangu, programu imeandika "kuna hitilafu" halafu ikanyamaza. Hata mimi nikikosea huwa naomba radhi.

Tarehe 17 Machi

Tatizo: ili kuingia, programu hutuma meseji yenye tarakimu sita kwenye simu ya Mwalimu. Mwalimu kazisoma, kaifunika simu kwa kiganja.

Nikamwambia, "Nitajie hizo namba."

"Namba ya mtahiniwa haitajwi hovyo."

Nikabembeleza. Akaniuliza nimesajiliwa kituo gani. Muda ukaisha, tarakimu zikafa. Tumerudia mara tano. Mwishowe Injinia kavaa miwani ya kusomea, kajiita msimamizi wa mitihani, Mwalimu akamkabidhi simu kwa mikono miwili.

Tumecheka mpaka Injinia kashika tumbo. Nikamkumbusha kwamba namdai jambo moja. Alipokuwa na miaka saba alivunja kufuli ya kabati la bibi yake akamaliza sukari yote, na mimi nikasema ni mimi. Mwalimu alininunia wiki nzima. "Lile deni bado lipo," nikamwambia. "Lipo, Babu," akasema, "utalidai utakapotaka."

Tarehe 22 Machi

Imekubali! Saa nne asubuhi, uso wa Mwalimu, jiko, mlango, mimi na vifungo vyangu, sote arobaini na watatu tumejitokeza kwenye simu yangu. Nikajirekodi nikikohoa, na kikohozi kikatokea kwenye simu ya Mwalimu chumbani. Akakijibu, "Pole."

Sasa tuna ufunguo wa pili. Leo nimelala mchana kama mtoto.

Tarehe 26 Machi

Injinia anakwenda kwa mama yake, siku nne. Mlangoni kaniambia, "Babu, simu yako imejaa. Punguza vitu, nikirudi nikuwekee toleo jipya."

Mwalimu kamwuliza, "Unakwenda wapi, binti?"

"Kwa mama, Bibi."

"Mwambie asome kwa sauti."

Tarehe 27 Machi

Radi. Kile kisanduku cha mtandao cha ukutani kimetoa harufu ya nywele zilizoungua, kikazima. Simu ya Mwalimu hula mtandao wa kisanduku hicho tu. Yangu ina bando lake.

Tarehe 28 Machi

Nimepunguza vitu kama nilivyoagizwa. Picha za harusi ya mtu nisiyemkumbuka, nimefuta. Halafu nikaona zile arobaini na tatu zimekula nafasi kubwa kuliko zote. Nikafikiri kifundi. Hizi ni nakala. Ukiyeyusha ufunguo wa pili, wa kwanza haupati hata mkwaruzo. Ufunguo wenyewe uko kwa Mwalimu, na Injinia akirudi atanichongea mwingine kutoka huko kwenye jengo la watu. Nikabonyeza moja moja, futa, futa, mpaka ukurasa ukawa mweupe.

Simu imekuwa nyepesi. Najisifu.

Tarehe 29 Machi

Mvua mchana kutwa. Kwenye simu ya Mwalimu kuna kidoti chekundu, maana yake haijaunganishwa. Asubuhi amebonyeza uso wangu kama kawaida. "Mpe upande wa dirishani." Nikapewa.

Tarehe 30 Machi

Kidoti chekundu kilinikera. Injinia anarudi leo, nikasema akute kila kitu kiko sawa, aone kwamba mzee wa darasa la nne si mzigo. Alinifundisha mwezi uliopita namna ya kugawa mtandao kutoka simu yangu kwenda nyingine. Nikakaa jikoni, Mwalimu akimenya viazi mbele yangu, nikafuata hatua moja moja mdomo ukiwa wazi. Simu yangu nikaitia mfukoni. Ya Mwalimu nikaishika mkononi. Kidoti kikageuka kijani.

"Mwalimu, tazama," nikasema. "Nimepata kumi kwa kumi."

Picha zikaanza kuondoka. Ya kwanza mlango. Nikadhani inazipanga. Jiko likaondoka. Binti yetu akaondoka. Nilikuwa bado natabasamu. Ilipoondoka ya Injinia nikaelewa. Nikasimama nikakimbia nayo mbali na mtandao, nikapita sebuleni, nikafungua mlango, nikashuka ngazi, mvua ikanipiga, na wakati wote huo mtandao wenyewe ulikuwa mfukoni mwangu.

Nilipofika chini, ukurasa ulikuwa mweupe.

Tarehe 31 Machi

Naandika yote, maana wewe Injinia ndiye utakayesoma, na jana uliniuliza nikakujibu nusu.

Uliingia jioni na begi lako limelowa. Ulinikuta nimekaa kwenye ngazi. Ukasema, "Babu, mbona uko nje?" Nikakupa simu zote mbili. Hukuketi. Ulifungua mashine yako ukiwa umesimama, maji yakikudondoka kwenye vitufe, wewe ambaye hukuwahi kuniruhusu hata kushika kikombe cha chai karibu yake.

"Ulifuta kwenye simu ipi?"

"Yangu. Nakala."

Ukafumba macho. "Babu, si nakala. Zikishaunganishwa zinakuwa kitu kimoja. Ukifuta huku, huko juu panafutika, na simu nyingine ikipata mtandao inafuata."

"Chonga nyingine kutoka huko juu."

"Hakuna huko juu."

"Utafute."

"Nimetafuta. Nilipanga kuweka pipa la taka, kitu kikifutwa kikae siku thelathini kabla hakijapotea. Nilisema wiki ijayo." Ukalirudia hilo neno mara mbili, wiki ijayo, wiki ijayo, kama unalionja. "Na nilikuambia upunguze vitu. Sikukuambia vipi. Ni kosa langu, Babu."

"Kidole kilikuwa changu."

"Mlango niliujenga mimi."

Tukagombania kosa kama watu wagombaniavyo urithi. Mara ya mwisho, lile la sukari, ulinipa bila ubishi.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alikuwa amekaa sakafuni, kichwa kwenye magoti, na mimi nilitafuta mzaha wa kumpa nikakuta ghala tupu.

Asubuhi ya leo Mwalimu kafungua macho. Kashtuka. Kashika simu, kautafuta uso wangu. Kasogeza ukurasa juu, kasogeza chini. Nikafunga vifungo vyangu kombo, haraka haraka, nikamwonyesha. Akashuka kitandani upande wake, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, kwa upole kabisa, kama anavyomtoa darasani mtoto wa watu.

"Tafadhali," akasema.

Nikatoka. Ufunguo ukazunguka nyuma yangu.

Tarehe 1 Aprili

Nimelala sebuleni. Mvua.

Tarehe 3 Aprili

Injinia kamrekodia kwa sauti yake mwenyewe, maneno yale yale, maana ninayajua kwa moyo. Mwalimu kasikiliza hadi mwisho. "Binti huyu ni nani," akauliza, "anayenitangazia ndoa?"

Tarehe 4 Aprili

Wazo langu: ayasome yeye, turekodi upya. Nikayaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa kubwa, Injinia akampelekea, mimi nikibaki nyuma ya mlango nikisikiliza.

Mwalimu akasoma kimya. Akaomba kalamu nyekundu. Nikasikia kalamu ikitembea muda mrefu. Kisha akasema, "Mwandiko unatia huruma. Nukta hajui zinakwenda wapi."

"Isome kwa sauti, Bibi. Mara moja tu."

"Huyu mzee ni mume wa nani?"

"Wako, Bibi."

"Mimi simjui. Siwezi kusoma uongo mbele ya darasa."

Injinia katoka na karatasi. Tano kwa kumi. Baada ya miaka arobaini na saba nimeshuka alama moja.

Tarehe 6 Aprili

Anajifungia kila nikikohoa. Kitasa kile nilikifunga mwenyewe mwaka tuliohamia, na nakijua kama ulimi wangu. Ufunguo ukiwa ndani, unapitisha gazeti chini ya mlango, unausukuma ufunguo kwa waya, unaangukia gazetini, unavuta, umeingia. Sekunde arobaini. Zamani nilifanya thelathini.

Nimekaa na gazeti mkononi saa nzima. Nimeishia kulisoma.

Mlango unaofungwa na mtu mwenye hofu haufunguliwi na fundi. Hilo nilikuwa nawaambia vijana wangu wa karakana, kwa siku wake zao watakapowafungia nje, na tukalicheka.

Tarehe 7 Aprili

"Nani huko?" kauliza kutoka ndani.

"Mumeo."

Ufunguo haukuzunguka.

Tarehe 8 Aprili

"Nani huko?"

Sijui nani alinitia maneno kinywani. "Fundi wa vitasa."

"Umechelewa," akasema. "Nimeita tangu juzi."

Na ufunguo ukazunguka.

Niliingia na sanduku langu la vifaa, nikapiga magoti mbele ya kitasa kisicho na ubovu wowote, nikakifungua skrubu moja moja, nikakifuta vumbi, nikakipaka mafuta. Nikaangusha skrubu. Akaiokota yeye. Akanitazama vifungo vya shati.

"Fundi, mkeo hakukagui kabla hujatoka?"

"Alikuwa ananikagua."

"Pole," akasema, akidhani nimefiwa na mke. Sikumsahihisha. Kusahihisha ni kazi yake.

Akanipa chai. Alinipa kiti cha dirishani, kwa kuwa ndipo penye mwanga wa kazi.

Tarehe 9 Aprili

Nimeitwa tena. Nilikuwa nimelegeza skrubu mbili jana wakati naaga.

Tarehe 13 Aprili

Nalegeza skrubu moja kila siku, moja tu, ili kesho iwepo kazi. Injinia ameniona. Jioni nimekuta skrubu akiba kwenye kisahani, kaziweka yeye, za ukubwa ule ule. Nilikosea kuandika kwamba anapenda mashine kuliko watu. Nimelikata neno hilo kule nyuma, lakini linasomeka bado, na acha lisomeke.

Tarehe 19 Aprili

Tatizo: hakuna. Pipa la taka limewekwa. Nikibonyeza futa, programu inaniuliza, "Itafutika kwenye simu zote. Una uhakika?" Nimebonyeza futa mara thelathini ili kuiudhi. Kila mara imeniuliza upya, na kila kilichofutwa nimekikuta kimetulia ndani ya pipa kikinisubiri. Kazi safi. Familia nyingine zitalala usingizi.

Nimemwambia Injinia hivyo. Kasema, "Asante, Babu," akainuka kwenda kunawa uso.

Tarehe 25 Aprili

Mvua inapungua.

Tarehe 2 Mei

Leo nilikuwa natafuta sababu ya kukaa zaidi, nikamwuliza, "Mama, mzee wa nyumba hii yuko wapi? Nimekuja siku nyingi simkuti."

"Yuko kazini. Naye ni fundi kama wewe."

"Fundi mzuri?"

"Vitasa anavijua. Nukta hazijui." Akacheka peke yake. "Mchokozi yule. Siku ya kwanza aliniandikia barua, makosa matupu, nikampa sita."

"Ilistahili?"

Akafikiri. Akaweka kikombe chini.

"Ilistahili nne," akasema. "Mbili nilimwongezea ili arudi."

Nilikuwa na bisibisi mkononi. Simu ilikuwa mfukoni, imewashwa, nyepesi, yenye nafasi tele ya sauti, na sikuitoa. Ningeitoa angeacha kusema.

"Ukimwona njiani," akasema, "mwambie nimeacha mlango bila kufunga."

Nikamwambia nitamwambia. Nikakohoa. "Pole," akasema.

Tarehe 6 Mei

Siku ya saba bila mvua. Kuta zimeanza kukauka, na daftari limebaki na ukurasa huu mmoja, kwa hiyo Injinia, nisikilize.

Nakudai lile la sukari. Miaka ishirini na miwili sijakugusia ila kwa utani, leo nalitaka kamili. Jana umeniambia utaweka picha mpya kwenye simu ya Bibi yako, na umeniuliza kwangu useme nini. Usiweke mume. Bibi yako anamsubiri mume wake vizuri, tusimharibie.

Wewe chukua picha yangu na sanduku la vifaa, shati nililofunga kombo, halafu mwombe arekodi kwa sauti yake, maana hili atalikubali, si uongo: "Huyu ni fundi wa kitasa. Huja kila siku saa nne. Mfungulie, mpe chai, akae upande wa dirishani."

Sukari vijiko viwili. Na uweke ufunguo wa pili.